Ngoma Kabla ya Novemba

Pale Plainsboro, New Jersey, watu walimjua Hemalatha Rangarajan kwa mgongo wake. Haukuinama. Mumewe Sridhar alipoanguka kwenye stesheni ya treni asubuhi moja akienda kazini, akakata roho kabla gari la wagonjwa halijafika, Hema alirudi kutoka hospitali, akampikia binti yake wali, akakaa naye mpaka usingizi ukamchukua, ndipo akajifungia chumbani. Wanawake waliokuja kutoa pole walimkuta mlangoni, sari imenyooka, nywele zimebanwa. Walitoka wakinong'onezana kwamba mjane huyu macho yake makavu. Aliwasikia. Alikuwa msomi wa kemia katika maabara ya dawa, na aliamini kwamba machozi ya mtu ni kama nguo zake za ndani, hayaanikwi mbele ya wapita njia.

Neno moja tu lilimkwama kooni. Jayanthi, jirani yake wa nyumba ya tatu, alimshika mtoto kidevu akasema, "Maskini Abhirami. Sasa atalelewa kwa mkono mmoja." Hema alitabasamu, akamkaribisha kahawa. Moyoni aliapa kwamba hakuna atakayelitaja tena jina la Rangarajan kwa sauti ile.

Na jina lenyewe lilikuwa na mwenyewe. Kwao Watamil, watu wa India Kusini, mtu huchukua jina la baba yake, basi; jina la ukoo hakuna. Sridhar alipofika Marekani, kila alipoulizwa jina la ukoo alitoa la baba yake, Rangarajan. Baadaye mke akawa Rangarajan, mtoto akawa Rangarajan, hata sanduku la barua pale nje likaandikwa hivyo. Mwenye jina alikuwa bado hai Chennai, mzee wa miaka themanini na nne, karani mstaafu wa reli, anaishi na mwanawe wa pili, Badri. Sridhar alipokufa, jamaa wengi walipiga simu kumkumbusha Hema namna mjane anavyopaswa kuvaa na mahali asipopaswa kukaa. Mzee alipiga mara moja tu. "Vaa rangi zako, binti," alimwambia. "Na mgongo wako uwe wima. Una mtoto anayekutazama." Kwa hiyo hata ule mgongo ulikuwa wa mzee.

Kila Jumamosi asubuhi, Chennai ikiwa jioni, Mzee Rangarajan alikaa mbele ya simu na kibao mapajani na kigongo mkononi, akampigia mjukuu wake mapigo ya ngoma.

"Ta-ka-di-mi! Mguu wa kushoto umelala, binti. Uamshe."

"Babu, simu inaonyesha kichwa tu, mguu umeuona wapi?"

"Nausikia. Mguu mvivu una sauti yake."

Abhirami alicheka, akaanza upya. Alikuwa amefunzwa ngoma tangu ana miaka sita. Baba yake alipokufa aliacha kila kitu kwa miezi kadhaa, fidla, kuogelea, marafiki, asiache Jumamosi zile. Hema aliwaachia wenyewe. Kwake yeye ngoma ilikuwa jambo zuri la kujazia alasiri za mtoto, si zaidi.

Mambo yaligeuka binti alipobakiza mwaka mmoja na kitu kumaliza shule. Hema alimpeleka kwa Bi Dubrow, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwaandaa watoto wa watu kuomba vyuo. Bi Dubrow aliwauliza Abhirami hufanya nini baada ya masomo. Hema ndiye aliyejibu: tenisi, fidla, mdahalo, roboti, kusukuma vigari vya wagonjwa hospitalini siku za likizo, na ngoma.

"Hana dakika ya kupoteza," alimalizia kwa fahari.

"Ndiyo shida yenyewe," alisema Bi Dubrow. "Daktari, niseme wazi?"

"Sema."

"Mabinti wa Kihindi wenye fidla na roboti wanamiminika vyuoni kama mvua. Wote wana alama za juu. Wote wamesukuma vigari. Msomaji akifunika faili lake, jina ameshalisahau. Mkitaka alikumbuke, chagueni kitu kimoja mchimbe mpaka maji yatoke. Vingine mwageni."

Kusahauliwa jina. Hema alivuta kiti karibu na meza.

"Ngoma," alisema Abhirami, ambaye mpaka hapo alikuwa akijichokoa kucha.

"Ngoma wanacheza wengi. Wewe umefika wapi?"

"Bado sijatolewa."

Bi Dubrow hakuelewa, ikabidi aelezwe. Mwanafunzi aliyeiva hutolewa na mwalimu wake jioni moja: hupanda jukwaani peke yake, na waimbaji na wapiga ala nyuma yake, akacheza kwa muda wa saa tatu mbele ya ukumbi uliojaa. Wenyewe huita arangetram. Asiyetolewa ni mwanafunzi, hata akicheza miaka ishirini.

Bi Dubrow akaweka kalamu chini. "Peke yake? Saa tatu? Basi ni hilo hilo. Ila liwe limeshafanyika kabla ya Novemba mosi, maombi ya mapema yanapofungwa. 'Nitafanya' haina uzito. 'Nimefanya' ndiyo inayosomwa."

Garini Abhirami alisema, "Mimi nimeichagua kwa ajili ya Babu. Si kwa ajili ya chuo."

"Sababu ni yako," alisema Hema. "Umechagua vizuri."

Wiki ile ile, kwenye chakula cha hekaluni, kina mama walikuwa kwenye mazungumzo yao ya siku zote.

"Wangu ana shughuli kumi na moja," alisema Jayanthi. "Siku hizi hata kukohoa anakohoa kwa ratiba."

"Wangu ameanzisha shirika," alisema Sudha. "Anachimba kisima Kenya."

"Kenya wapi?"

"Kenya! Huko kwenye ukame."

"Sudha, ni kijana huyu huyu aliyeshindwa kumwagilia nyanya zako mlipokwenda safari?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na maziwa ya mgando. Jayanthi akamgeukia Hema. "Na Abhirami je?"

"Anatolewa Agosti."

Kicheko kikakatika. "Agosti? Mwalimu Alamelu amekubali?"

"Atakubali."

Mwalimu Alamelu alikuwa amekataa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyefundisha kwenye chumba cha chini cha nyumba yake na ambaye hakuwahi kumsifu mtoto mbele ya mzazi. "Mwakani," alimwambia Hema. "Miguu imeiva, uso bado. Anacheza huzuni kama mtu aliyepoteza funguo za gari."

"Mwakani atakuwa chuoni, Mwalimu."

"Basi atatolewa likizo."

"Vyuo haviwezi kungoja likizo."

"Dada yangu, hii ngoma si leseni ya udereva."

Aliyemlainisha ni mzee. Abhirami alimsimulia Babu, na Babu, kwa adabu za kizamani, akampigia mwalimu simu mwenyewe. Alimwambia kwamba macho yake yanaelekea magharibi, na angependa kumwona mjukuu wake kwa macho aliyobakiwa nayo, hata kama ni ndani ya simu. Mwalimu akamkubalia mzee wa umri ule. Siku ikawekwa, Jumamosi ya katikati ya Agosti. Wapiga ala wakaitwa kutoka Chennai, ukumbi ukashikwa, kadi zikapelekwa nyumba kwa nyumba.

Ikabaki taa. Ngoma hufunguliwa kwa taa kubwa ya shaba, na desturi ni iwashwe na mwanamke ambaye mumewe yuko hai. Mwalimu alimtaja Jayanthi. Hema aliinuka kitini.

"Taa ya mwanangu nitaiwasha mimi. Kila kitu katika nyumba yangu nimekipata kwa mikono hii, hata kiberiti."

"Si mimi niliyeweka desturi, dada."

"Wala si mimi nitakayeiinamia."

Walibishana msimu mzima. Habari zilizagaa mpaka madukani, wapo waliomsifu Hema na wapo waliosema amekosa haya. Mwishowe Mwalimu Alamelu aliinua mikono. "Haya, washa. Zama ni zenu."

Alfajiri ya Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo siku, wapiga ala wamelala chumba cha chini na nyumba nzima inanukia asumini, simu ya Hema ililia. Alikuwa Badri.

"Shemeji. Baba ametutoka."

Hema alikaa kwenye ngazi.

"Amekula mchana vizuri," Badri alisema huku akilia. "Akasema ajinyooshe kidogo. Nimekwenda kumwamsha kwa kahawa..."

Hema alijiziba mdomo kwa kiganja ili wageni wa chini wasisikie. Alimpenda mzee yule kuliko alivyowahi kumpenda baba yake mzazi. Kisha akatoa kiganja mdomoni.

"Mmeshatangaza?"

"Kutangaza? Barazani watu wamejaa. Kesho asubuhi tunamchoma."

"Nasema huku. Kwenye kundi la familia."

Badri akasema polepole, "Shemeji, ngoma si inaahirishwa?"

"Haiahirishiki."

"Matanga ni siku kumi na tatu tu. Katika siku hizo nyumba haina sherehe, haina taa, haina ngoma. Nikufundishe mimi?"

"Baada ya siku kumi na tatu wapiga ala wamerudi kwao, ukumbi una wenyewe, na Mwalimu anasafiri mpaka Januari. Novemba haingoji matanga, Badri."

"Baba aliahirisha uchumba wangu mwaka mzima kwa ajili ya kifo cha shangazi yake, mwanamke ambaye hata hakumpenda! Unaijua miko yake."

"Naijua. Lakini yeye ameshakwenda, na mtoto wa Sridhar yuko hapa. Watu wanangoja aanguke. Nipe mpaka Jumapili."

"Na mtoto asimlilie babu yake?"

"Atamlilia Jumapili."

"Yaani maiti angoje zamu." Badri alipenga kamasi. "Haya. Kwa upande wangu sitasema. Lakini jambo hili, Shemeji, ubebe peke yako."

Hema alinawa uso, akashuka kuwaandalia wageni kahawa. Hakuamini habari za unajisi wa msiba. Alijiambia, kama mtu wa maabara, kwamba hakuna kilichobadilika katika hewa ya New Jersey kwa sababu moyo wa mzee umesimama Chennai. Mzee mwenyewe ndiye aliyeiombea ngoma hii. Angetaka iendelee. Alijiambia hilo la mwisho mara nyingi, kwa sababu alijua si kweli.

Jumamosi asubuhi Abhirami alimjia jikoni, macho yamechorwa wanja, nyayo zimepakwa rangi nyekundu.

"Mama, Babu hapokei."

"Amelala."

"Saa hizi? Kule si jioni?"

"Anapumzika ili akeshe akutazame."

"Baba mdogo naye hapokei."

"Mtandao wao haukamatiki leo. Mvua."

Binti alisimama akiwa ameshika njuga zake mkononi, zile kengele ndogo za shaba zilizoshonwa kwenye ngozi. "Nilitaka baraka yake kabla sijazivaa. Bila hiyo naona kama siendi popote."

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi hapo. Hema aliuona. Baadaye, katika maisha yake yote, ni hapo alipokuwa akirudi kwa mawazo, jikoni, na sufuria ya dengu ikitokota.

"Amenipa mimi nikupe," alisema. "Nimeongea naye alfajiri."

"Kweli? Amesemaje?"

"Amesema mguu wa kushoto usilale."

Abhirami alicheka kwa furaha, akapiga magoti, akagusa miguu ya mama yake ili aipokee baraka ya babu. Hema aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Nywele zilikuwa na maua, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Ukumbi ulijaa. Abhirami alikuwa ameweka simu yake juu ya kiti cha mstari wa mbele, kwenye kiguu chake, kioo kikitazama jukwaa, ili Babu aone. Mama yake alimwambia Baba mdogo atajiunga mtandao ukirudi. Binti akaridhika, akaenda nyuma ya pazia.

Mshereheshaji alilitaja jina, Daktari Hemalatha Rangarajan, aje awashe taa. Kina mama wakanyoosha shingo, maana huu ndio ugomvi waliousikia msimu mzima. Hema alipanda jukwaani mgongo wima. Akapewa mshumaa unaowaka. Taa ya shaba ilikuwa mbele yake, tambi zimelowa mafuta, zinangoja.

Mkono haukwenda.

Aliuamrisha. Haukwenda. Yeye asiyeamini chochote katika mambo hayo alisimama mbele ya watu wote na mshumaa ukimdondokea vidoleni, na hakuweza. Aligeuka, sauti yake ikatoka laini kuliko alivyotaka.

"Jayanthi, dada yangu. Njoo uwashe wewe."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni unyenyekevu. Jayanthi alipanda bangili zikilia, uso umechanua, akawasha tambi zote tano. Mwalimu Alamelu, aliyekuwa ameketi chini kando ya waimbaji na matuazi mkononi, yale ya shaba ya kuongozea mapigo, hakupiga makofi. Alimtazama Hema usoni kwa muda mrefu. Kisha pazia likafunguliwa, na binti akatokea jukwaani.

Alicheza vizuri. Hata wasiompenda mama yake walikiri. Mguu wa kushoto haukulala. Katikati ya shughuli, kama ilivyo kawaida, alipewa kipaza sauti ashukuru.

"Namshukuru Mwalimu. Namshukuru Mama, ambaye hajawahi kunidanganya kwamba nacheza vizuri." Watu wakacheka. "Na Babu yangu, Rangarajan. Jina lake ndilo jina langu. Yuko Chennai, na ananitazama sasa hivi." Akaielekezea mkono ile simu ya kwenye kiti.

Ukumbi mzima ukageukia kioo cheusi. Watoto wakakipungia mikono. Mtu akapaza sauti, "Hongera, Babu!" Makofi yakavuma.

Jayanthi, mstari wa pili, alikuwa ameinamia mapaja yake. Simu yake ilikuwa imewaka. Dada yake alikaa Chennai, mtaa mmoja na Badri. Hema alimwona akisoma, akisoma tena, kisha akiinua kichwa taratibu. Hakumtazama mchezaji. Alimtazama yeye.

Ngoma ilipokwisha, wageni wakiwa wanapanga foleni ya chakula, Jayanthi alimkuta Hema kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa pamoja na Mwalimu.

"Umeniwashisha taa, Hema."

"Si hapa."

"Una msiba nyumbani na umeniwashisha taa! Ndiyo maana ulinipisha. Ulijua. Mkosi wako umeutua kwenye bangili zangu, mimi ambaye mume wangu yuko pale nje anakula!"

"Punguza sauti."

"Nipunguze? Dada yangu ameona kwa macho yake wakimchukua kwenda kumchoma!"

"Wakimchukua nani?"

Abhirami alikuwa mlangoni, shada la maua kwapani, mguu mmoja ameshavua njuga. Mwalimu Alamelu alikwenda akamshika bega.

"Babu yako, mwanangu."

Binti hakumtazama Mwalimu. "Lini?"

"Jana," alisema Hema.

"Jana." Alilirudia kama neno la lugha ngeni. "Leo asubuhi umeniambia umeongea naye."

"Abhi, nisikilize..."

"Nani amesema mguu usilale?"

"Nilitaka—"

"Nani, Mama?"

"Mimi."

Abhirami aliinama akafungua njuga za mguu wa pili, tanzi moja baada ya jingine, bila haraka. Akaziweka zote mikononi mwa Mwalimu. Hakutoa chozi. Aliponyooka, mgongo wake ulikuwa wima, na Hema alijua umetoka wapi.

Mwalimu alikusanya matuazi yake. Mlangoni alisimama. "Ningejua nisingefungua kinywa kuiongoza ngoma hii leo," alimwambia Hema. "Nilikuambia uso wa mtoto haujaiva. Haya, umeuivisha."

Nyumbani, Abhirami alitandika mkeka sebuleni akaanza matanga peke yake, kama alivyokumbuka kutoka kifo cha baba yake. Hakuchana nywele. Alikula mara moja kwa siku. Hakuwa mkali, hakupiga kelele, akiulizwa alijibu. Jioni ya pili Hema alivua viatu, akaja kukaa mkekani kando yake.

"Simama, Mama."

"Alikuwa baba yangu pia."

"Wewe hujafiwa. Wewe ulikuwa na sherehe."

Hema alisimama. Alikaa jikoni, kwenye kiti, mwanga wa jioni ukimwishia dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu Sridhar afe alilia bila kujali kama mlango umefungwa. Hakuna aliyekuja kuangalia.

Siku ya kumi na tatu Badri alimpigia binti wa kaka yake kwa video, amwonyeshe ibada ya mwisho. Hema alisimama kwenye korido, nje ya macho ya simu. Aliwasikia wazee wa ukoo wakimsalimu binti, mmoja mmoja, wakimwita mtoto wa Sridhar. Sauti ya kikongwe ikauliza, "Na mama yake yuko wapi?"

"Mama yake ana kazi," alisema Badri.

Alikuwa amemsitiri. Hema aliona afadhali angemtukana.

Mjini hakuna aliyemwambia neno usoni. Walimsalimu hekaluni, wakampisha njia. Kadi za harusi ziliendelea kuja, zimeandikwa jina la Abhirami peke yake. Alikuwa ameapa kwamba jina la Rangarajan halitatajwa kwa sauti ya huruma, na kiapo kilitimia, maana sasa lilitajwa kwa sauti ya chini zaidi ya ile.

Oktoba walirudi kwa Bi Dubrow. Hema alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alidhani binti ataikana ngoma.

"Andika," alisema Abhirami. "Ngoma, miaka kumi na moja. Nimetolewa Agosti, peke yangu, saa tatu. Si ndiyo tuliyoichagua?"

Bi Dubrow aliandika. Kisha akasita, akawatazama wote wawili. "Nimesikia babu alifariki karibu na siku ile. Samahani kusema, lakini katika insha... msomaji hatasahau."

"Hapana," alisema Hema. Lilitoka kwa nguvu hata mwenyewe akashtuka. "Mzee asiguswe."

Abhirami alimgeukia, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Kwa nini, Mama? Tumeshamtumia mara moja. Mara ya pili haitamuuma."

Hema alichukua mkoba wake. Binti aliandika alichoandika, hakumwonyesha, naye hakuthubutu kuomba. Katikati ya Desemba jibu lilikuja, amekubaliwa katika chuo kile kile ambacho Hema alikuwa akikitaja tangu mtoto ana miaka kumi na miwili. Abhirami aliusoma ujumbe kwa sauti, wazi, mpaka mwisho, akamwachia mama yake simu mezani, akapanda chumbani kwake. Hema aliusoma peke yake. "Mpendwa Abhirami Rangarajan," ulianza. Jina halikusahauliwa.

Sasa nyumba ni yake peke yake. Kila Jumamosi asubuhi, saa ile ile ambayo mzee alikuwa akikaa na kibao chake, Hema huketi kwenye meza ya jikoni na kupiga simu chuoni. Mwanzoni simu ililia mpaka ikachoka. Siku hizi hupokewa na msichana anayelala chumba kimoja na Abhirami, msichana mwenye sauti ya adabu.

"Amelala, Bi."

Na Jumamosi nyingine, "Mtandao wa humu chumbani haukamatiki leo, Bi. Nitamwambia."

Hema hamlaumu msichana. Maneno si yake, amefundishwa tu, na aliyemfundisha aliyapata jikoni humu humu.

"Asante, binti," husema. "Mwambie..."

"Ndiyo, Bi? Nimwambie nini?"

Neno linalomjia kila mara ni lile la mguu wa kushoto, nalo ameshalitumia.

"Mwambie mama yake amepiga."